Panzi wa Kitabuni na Kompyuta ya Penseli

Saa tisa na dakika kumi alasiri, Jumanne, siku moja kabla ya mtihani wa vitendo wa biolojia, mtu wa maabara alishuka ngazi za soko la Kariakoo akiwa na kikapu cha ukili mkononi. Mimi nilikuwa kule chini, mahali watu wanapopaita shimoni, nimesimama kwenye meza ya viazi nikijifanya nachagua. Mwenye viazi alikuwa ameshanichoka.

"Dada, hivyo viazi unanunua au unavipigia kura?"

"Nachagua, kaka."

"Umechagua tangu saa nane. Hata mchumba hachaguliwi hivyo."

Nilinunua nusu kilo ili aninyamazie, nikaendelea kumfuata mtu wa maabara kwa macho.

Nieleze kwanza nilikuwa natafuta nini, kwa sababu desturi hii sijaiona imeandikwa popote. Sisi tuliokuwa tunarudia mtihani wa kidato cha sita kwa kujitegemea hatukuwa na maabara. Tulisoma twisheni katika chumba cha kupanga karibu na Msimbazi, chenye ubao mmoja na dirisha lililotazama choo cha jirani. Mwalimu wetu alichora vizuri sana. Alichora moyo, figo, ua, mende, na mzizi uliokatwa kwa upana, vyote kwa chaki, nasi tulivinakili kwa penseli iliyochongwa. Lakini mtihani wa vitendo hufanywa kwa vitu vyenyewe, na vitu hivyo huwa siri mpaka asubuhi ya mtihani.

Siri hiyo ilikuwa na tundu moja. Shule yenye maabara huarifiwa mapema iandae nini. Anayeandaa ni mtu wa maabara, na mtu wa maabara, kama mkazi mwingine yeyote wa mji huu, akitaka kitu huenda Kariakoo. Kwa hiyo wanafunzi wa twisheni walimvizia sokoni. Akinunua maini, swali ni la vimeng'enya. Akinunua viazi, swali ni la maji kupenya kwenye seli. Akinunua samaki, basi jioni ile vyumba vya twisheni kuanzia Ilala mpaka Magomeni vitanuka shombo.

Mwaka ule zamu ya kuvizia ilikuwa yangu na mwenzangu mmoja, kijana wa Ilala aliyekuwa akifanya mtihani huo kwa mara ya tatu na kuuzungumzia kama mtu anavyomzungumzia mwenye nyumba wake. Yeye alilinda ngazi za upande wa pili. Mimi ndiye niliyeona. Mtu wa maabara alipita viazi bila kuvitazama, akapita vitunguu, akasimama kwenye meza za samaki na kuagiza perege. Hakuchukua tu wale aliopewa. Alifunua matamvua, akabonyeza macho, akarudisha mmoja aliyekuwa mkubwa na mmoja aliyekuwa mdogo, mpaka akabaki na perege waliolingana kama wamepimwa kwa rula. Nikajiuliza ni nani hununua samaki waliolingana isipokuwa mtu atakayewagawia watahiniwa. Sikupata jibu lingine. Nikaondoka mbio kumtafuta mwenzangu.

Saa ileile nilitakiwa kuwa ghorofa ya pili ya jengo moja la mtaa wa nyuma ya soko, nimevua viatu, nimekaa mbele ya kompyuta.

Niliishi kwa baba mdogo. Sisi ni watu wa Kilimanjaro, na baba mdogo alikuwa na duka la jumla la vyombo: chupa za chai, sahani za melamini, mabeseni, vikombe vya udongo mweupe. Miaka michache nyuma duka hilohilo lilikuwa na sufuria za aina moja tu, na siku nyingine halikuwa nazo. Sasa milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, makontena yalitoka bandarini kila wiki, na mzigo ulijaa mpaka dari. Mbele ya duka palikuwa na wavu wa chuma kutoka ukuta mpaka ukuta, wenye tundu la kupitishia fedha na kikombe cha kuonyesha mteja. Nyuma ya wavu palikuwa na stuli. Kwenye stuli nilikaa mimi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, ambapo baba mdogo aliniruhusu kwenda twisheni. Nilisoma nikiwa nimeweka kitabu magotini. Mteja akifika, niliona kwanza vidole vyake kwenye wavu, halafu nikainua uso.

Mara ya kwanza nilifaulu fizikia na kemia, nikaanguka biolojia. Baba mdogo hakunigombeza. Alisema akiwa anahesabu mabeseni:

"Mwanangu, tutajaribu mara moja tena. Biolojia ikikubali, nakupeleka chuo cha uganga, hata kama nitauza gari. Isipokubali, kiti chako ndicho hicho."

Hakusema kwa ukali. Kwake lilikuwa jambo la kawaida, kama kusema mvua isiponyesha tutakaa nje. Mtu wa kwetu aliyesoma biolojia alikuwa daktari, hata akiwa bado anasoma. Wateja waliozoeana na baba mdogo waliniita hivyo kupitia wavu: "Dokta, nipe vikombe dazeni mbili." Nilijibu jina hilo miaka miwili bila haki yoyote ya kulijibu.

Kuhusu kompyuta hakuna aliyeniita chochote. Mke wa baba mdogo aliiona mara moja kwenye ofisi ya wakala wa forodha, akasema ni taipu iliyooa televisheni. Baba mdogo alisema, "Jifunze tu, daktari anayejua taipu si mbaya." Mwenzangu wa twisheni alisema ni kazi ya masista du wanaotaka kukaa kwenye kiyoyozi na kupaka kucha rangi. Wote watatu walikuwa wanaeleza kitu kimoja: kazi ya mkono mwepesi na kichwa kilichopumzika. Hata mimi niliingia darasani nikiamini hivyo.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa Mhindu aliyezaliwa Kariakoo, mtoto wa fundi saa. Alikuwa mhasibu katika shirika la umma mpaka liliponadiwa, akapewa kiinua mgongo, akanunua kompyuta mbili na kuziweka sebuleni kwake. Alikuwa mtu wa hasira ndogondogo. Hasira yake kubwa ilikuwa vumbi. Tuliacha viatu kwenye ngazi, tukanawa mikono kwenye beseni mlangoni, na kila mashine ilifunikwa kitambaa alichokishona mkewe. Siku ya sikukuu yao ya mwaka mpya, wafanyabiashara wenzake walipopeleka daftari mpya za hesabu kuombewa, yeye alizipaka zile kompyuta mbili alama nyekundu usoni na kuzivisha shada la asumini. Alama haikufutwa. Mwaka mzima tuliandika karatasi zetu chini ya nukta nyekundu.

Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao, na mtaa wake ulipata umeme mchana kwa siku chache tu za juma; kwa mashine mbili, zamu yangu ilikuwa bado haijafika. Siku zisizo na umeme hakufunga darasa. Alitupa karatasi na penseli.

"Kompyuta haiko ndani ya sanduku," alisema. "Sanduku ni la kuthibitishia. Andika."

Tuliandika amri moja kila mstari, na kila mstari una namba: kumi, ishirini, thelathini. Nilimuuliza kwa nini tusihesabu moja, mbili, tatu. Akasema, "Kwa sababu utasahau kitu, binti. Ukisahau, utakipachika kwenye kumi na tano." Sikuwa nimewahi kukutana na somo linalomwachia mtu nafasi ya kusahau.

Hapo ndipo nilipoanza kulinganisha, na tangu hapo sijaacha. Biolojia niliiona kama ghala lililopangwa. Kila kiumbe kilikuwa na rafu yake, kila rafu ina jina la Kilatini, na aliyeyajua majina aliweza kutembea humo hata gizani. Kwa mtu aliyeshinda kati ya mabeseni yaliyorundikwa ovyo, ghala la namna hiyo lilikuwa faraja. Lakini lilikuwa limeshapangwa na watu wengine, zamani, na kazi yangu ilikuwa kukumbuka waliweka nini wapi. Kompyuta haikuwa na vitu. Haikuwa na mfupa wala jani. Ilikuwa na amri tu, na amri hizo zilinisubiri mimi. Tena nikikosea biolojia, karatasi ilikaa miezi kadhaa halafu ikaja herufi moja isiyoeleza kosa. Nikikosea kompyuta, ningeambiwa papo hapo ni mstari wa ngapi, kama umeme ungekuwepo.

Niliyapenda yote mawili na sikuwa nimegusa hata moja. Chura nilimjua kwa chaki, na kompyuta niliijua kwa penseli.

Kulikuwa na cheti. Kilitoka ng'ambo, na mwalimu alikuwa na ruhusa ya kupendekeza watahiniwa wanne tu. Sharti lilikuwa programu iliyoandikwa na mtahiniwa mwenyewe, akaiingiza kwa mkono wake na kuiendesha mbele ya mwalimu. Nililipa amana kutokana na akiba yangu: baba mdogo aliniachia maboksi matupu ya mzigo, nami niliyauza kwa wauza viatu vya mitumba wa Mchikichini. Karatasi ukutani kwa mwalimu ilisema fedha ikishalipwa hairudi. Niliisoma kila siku, kama mtu anavyosoma tangazo la sabuni.

Programu yangu ilichanganya masomo yangu mawili. Ilikuwa inamtambua mdudu kwa maswali. Ana miguu mingapi? Kama ni sita, nenda mstari wa mia moja na ishirini. Kama ni minane, huyu ni wa jamii ya buibui. Vinginevyo rudi mwanzo, uliza tena. Ana mabawa? Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele? Basi ni panzi. Mwalimu aliifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Alipofika kwenye miguu, kidole kikasimama.

"Na panzi aliyekatika mguu mmoja?"

Nilicheka. "Mwalimu, huyo hayumo kitabuni."

"Kitabuni hayumo. Dirishani kwangu yumo." Akaonyesha miguu mitano kwa vidole vya mkono mmoja. "Mimi nimejibu mitano. Mashine inafanya nini?"

Nikafuata kwa penseli. Inarudi mwanzo. Inauliza. Najibu mitano. Inarudi mwanzo. Hakukuwa na mstari wowote wa kumtoa mtu humo.

"Atazunguka humo mpaka mgao wa umeme umwokoe," mwalimu akasema. "Rekebisha kabla ya Jumanne."

Jumanne saa tisa ilikuwa zamu yangu ya pekee kwenye mashine. Mwalimu alikuwa amezipanga zamu kwa kufuata mgao, na baada ya juma lile majina yangepelekwa. Nilijua hilo wakati nimesimama kwenye meza ya viazi. Nilifikiri hivi: cheti kinaweza kunipa kazi, lakini baba mdogo hakitambui, na mlango wa lile duka anayeufungua ni baba mdogo. Biolojia anaitambua. Kwa hiyo nikitaka kutoka nyuma ya wavu, nitoke kwa mlango anaoujua yeye. Nimelipitia wazo hilo mara nyingi baadaye na bado sioni mahali lilipokosea. Lilianza mahali pasipo sahihi, basi.

Alasiri ile mwenzangu nami tulinunua perege wetu, tukaenda uani kwa baba mdogo, tukawapasua juu ya kigae cha beseni lililovunjika. Tulihesabu mapezi. Tulichora mstari wa ubavuni. Tulikariri mpangilio wa matamvua, vyumba vya moyo, na mfuko wa hewa ambao mwenzangu aliutoboa kwa bahati mbaya, ukalia.

"Amekufa, dokta," akasema. "Mgonjwa wako wa kwanza."

"Umemuua wewe."

"Mimi ni nesi tu. Nesi hashtakiwi."

Mke wa baba mdogo alitoka jikoni, akawatazama wale samaki waliofumuliwa, akauliza kama elimu ya siku hizi inaruhusu kuliwa baada ya kusomwa. Tuliwakaanga. Nililala nikiwa na uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena kabla ya mtihani wowote.

Asubuhi mvua ya masika ilinyesha. Maabara ya shule tuliyopangiwa ilikuwa na meza ndefu za mbao, na mbele ya kila mtahiniwa palikuwa na kisahani kilichofunikwa karatasi yenye herufi. Tuliambiwa tufunue. Chini ya karatasi ya kwanza palikuwa na jani la jimbi. Chini ya karatasi ya pili palikuwa na panzi.

Nilifunua ya tatu nikitafuta samaki. Lilikuwa ua.

Hofu haikunishika, ningependa hilo lieleweke. Nilipotezwa na kitu kilichofanana na utulivu. Swali lilikuwa kwa Kiingereza, na maana yake ilikuwa: chora kielelezo ulichopewa, utaje sehemu zake. Panzi nilimjua. Nilikuwa nimemnakili kutoka ubaoni mara nyingi kiasi kwamba mkono wangu ulianza kabla sijaamua: kichwa, vipapasio, kifua cha pande tatu, bawa gumu juu ya bawa laini, miguu minne ya mbele, miguu miwili mirefu ya nyuma yenye miiba. Mistari ya majina niliinyoosha kwa rula bila kuvukana. Nilimaliza mapema. Ulikuwa mchoro safi kuliko wote niliowahi kuchora, nami nilikaa nikiutazama mpaka kengele ilipolia.

Nje, chini ya baraza, mwenzangu alikuwa anakamua maji kwenye kola ya shati.

"Mambo, dokta?"

"Poa."

"Poa gani? Tumesoma samaki, wameleta nzige. Halafu mimi nimepewa kiwete. Mguu mmoja wa nyuma haupo kabisa. Nimemchora hivyohivyo, na pengo lake, anaonekana kama katoka ajalini."

"Wako alikuwa na miguu mitano?"

"Mitano. Na yule jamaa wa pembeni yangu wake ana minne, maskini. Wamekamatwa usiku, wakasukumwa chupani, miguu yote imebaki chupani. Wako je?"

Sikukumbuka. Nilijaribu kumrudisha yule panzi kwenye kisahani, na kila nilipomrudisha alikuja yule wa ubaoni, mzima, wa chaki. Nilikuwa nimekaa naye muda wote wa mtihani, kichwa changu juu yake, na sikuwa nimemwona. Mpaka leo sijui alikuwa na miguu mingapi.

Wakati huo mtu wa maabara alitoka na ndoo ya maji machafu. Mwenzangu hakuwa mtu wa kuvumilia.

"Shikamoo, mzee. Samahani, wale samaki wa jana walikuwa wa nani?"

"Marahaba. Samaki gani?"

"Perege. Shimoni. Ulikuwa unawachagua kama bibi harusi."

Mtu wa maabara akaweka ndoo chini. "Ala! Kumbe ni nyie? Nimeona binti ananikodolea macho nyuma ya viazi, nikashika mfuko wangu, nikasema leo naibiwa." Akatutazama kwa zamu. "Nyie mnadhani mtu wa maabara hali?"

"Lakini ulichukua waliolingana," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayedai haki yake.

"Nina watoto watano, binti. Nisipowapa samaki saizi moja, nyumbani hapalaliki." Akainua ndoo yake. "Panzi nimewakamata mwenyewe pale uwanjani, bure. Sokoni wanauza panzi?"

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu yenye maji. Mimi nilitembea kwenda kwa mwalimu wa kompyuta.

Njiani nilifikiri kwa utaratibu, kwa sababu ndivyo nilivyo nikiumia. Jana nilimwona mwanamume mwenye familia akinunua kitoweo, nikaandika kichwani: mtu wa maabara ananunua vielelezo. Leo niliwekewa mdudu mmoja aliyekufa, nikaandika: panzi. Mara zote mbili niliona kile nilichokuwa nacho tayari. Na nilifikiri kwamba biolojia, ambayo nilidhani ni somo la kukumbuka, kumbe ni somo la kutazama, na hakuna aliyewahi kunipa kitu cha kutazama. Kompyuta nilidhani ni somo la mashine, kumbe lilikuwa likinifundisha jambo lilelile kwa ukatili zaidi: haisomi ulichokusudia, inasoma ulichoandika. Kama ningeenda Jumanne, ingenionyesha.

Mwalimu alikuwa anafunika mashine. Umeme ulikuwa umekatika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Jana umeme ulikaa tangu saa sita mpaka saa kumi na moja. Umeme wa dhahabu."

"Nilikuwa sokoni, mwalimu. Kwa ajili ya mtihani wa biolojia."

"Sokoni." Alilitamka kama mtu anayeonja kitu. "Nafasi yako ya cheti nimempa yule karani wa bandarini unayesoma naye. Amefanya programu ya mishahara. Mbaya, lakini amekuja."

Alikunja pembe za kitambaa, moja baada ya nyingine.

"Yako niliiingiza mwenyewe, kutoka karatasi uliyoiacha hapa," akasema. "Zamu yako ilikuwa tupu, sikutaka umeme upotee. Nilijibu miguu sita, ikasema panzi. Nilijibu minane, ikasema buibui. Safi."

"Halafu?"

"Halafu nikajibu mitano." Alichora duara hewani kwa kidole. "Mke wangu alileta chai, nikanywa, bado inauliza. Nilikuambia urekebishe."

"Nilikuwa nimeacha nafasi ya mstari."

"Nimeiona nafasi. Nafasi haifanyi kazi, binti."

Nilimuuliza kuhusu amana. Sikutaka kuuliza, lakini ilikuwa akiba yote niliyokuwa nayo. Hakukasirika. Alionyesha karatasi ukutani, na kwa mara ya kwanza niliisoma kama maneno yaliyoandikwa na mtu kwa ajili ya mtu. Nilimwona pia yeye: fulana iliyotoboka kwapani, kiinua mgongo kilichogeuka mashine mbili, mgao. Asingeweza kuirudisha. Tayari ilikuwa imekwenda ng'ambo au imekuwa mchele.

Miezi ilipita nikiwa kwenye stuli. Matokeo yalipobandikwa nilipata S, daraja ambalo halikuwa kufeli kabisa wala kufaulu. Chuo cha uganga hakikulihesabu. Siwezi kusema ni mguu wa panzi. Kulikuwa na jimbi, kulikuwa na ua, kulikuwa na karatasi mbili za nadharia. Karatasi haikurudi na maelezo. Mwenzangu alipata D, akaenda kusomea kilimo, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa mnene na bado ananiita dokta.

Baba mdogo alipokea habari akiwa amesimama, mkono kwenye wavu.

"Basi, mwanangu. Tumejaribu."

Kesho yake aliondoa stuli. Fundi wa Keko alileta kiti cha mninga chenye mgongo, mikono, na mto wa kitambaa cha bluu, baba mdogo akakiweka mwenyewe karibu na droo ya fedha, akakitikisa kuona kama kinayumba. Akaning'iniza na feni juu yake. Alikuwa amefikiria kila kitu: mgongo wangu, joto, miaka. "Kaa tuone," akasema, na mkewe akaja kutoka ndani kutazama. Nilikaa. Kilinitosha kabisa. Sijui kama kuna kitu kigumu kukikataa kuliko kiti ulichotengenezewa kwa upendo.

Nilikikalia miaka mingi. Duka nililipanga kama ghala la biolojia, kila chombo na rafu yake, na hesabu za mzigo niliziandika kwa mistari yenye namba, kumi, ishirini, thelathini, nikiacha nafasi na kisha nikizijaza. Vitabu nilinunua kwa wanaotandaza vilivyotumika kando ya barabara, vya masomo yote mawili, vingine havina majalada. Katika kimojawapo nilisoma kwamba panzi akishikwa mguu wa nyuma huweza kuuachia mwenyewe ili aende zake. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Halafu vidole vya mteja vikaonekana kwenye wavu, nikainua uso.

Mwalimu alihama na mashine zake, wakasema amekwenda kwa mwanawe nje ya nchi. Programu yangu nimeirekebisha kwa penseli, mstari wa mia moja na kumi na tano, na panzi wa miguu mitano sasa anatoka. Sijawahi kuiona ikiendeshwa. Ile mara moja ilipoendeshwa sikuwepo, na hiyo ndiyo niliyoilipia: shilingi elfu kumi na nane.